Tunarudi Nyumbani, Bastola Tunaiacha Wapi?

(Mazungumzo niliyotoa kwenye mkutano wa Waafrika Mashariki tunaoishi Johannesburg. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa ombi la wale waliokuwa zamu wakashindwa kufika.)



Mada ya leo ilizaliwa kwenye mkutano uliopita. Tulikuwa tunajadili namna ya kurudi nyumbani: kontena, ushuru wa gari, shule za watoto, kiwanja cha kujenga. Mjadala ukaenda vizuri mpaka kaka mmoja akauliza, "Na bastola yangu je? Ninayo leseni halali hapa, kwa nini nisiende nayo?" Baada ya hapo hakuna aliyesikilizana na mwenzake. Wengine walisema nyumbani serikali inawanyima wananchi haki ya kujilinda. Wengine wakasema afadhali. Mwenyekiti akaniomba nije na maelezo kidogo, kwa kuwa kazi yangu inanikutanisha na risasi kila wiki.

Mimi ni muuguzi, nina shahada ya uuguzi, na huu ni mwaka wa tisa niko kwenye kitengo cha majeruhi cha hospitali ya umma hapa mjini. Si mwanasheria wala si polisi. Nitasema ninayoyajua, na nitasema msimamo wangu waziwazi ili mnipinge vizuri: ninaamini anayehama Johannesburg kwenda kwenye nchi yenye sheria kali zaidi ya bastola hapotezi kitu. Ila nitawaambia pia mahali ambapo msimamo huu unanisumbua mwenyewe.

Tuanze na sheria ya hapa, maana wengi tunaisema bila kuijua. Enzi za makaburu kulikuwa na sheria ya silaha ya mwaka 1969. Leseni ya bastola ukishaipata ilikuwa yako maisha. Uhuru ulipokuja mwaka 1994, nchi ilirithi silaha za kila aina: za raia weupe waliojilimbikizia majumbani, za vita vya Angola na Msumbiji, na za mapigano ya vitongojini ya mwanzoni mwa miaka ya 90. Bunge likapitisha Sheria namba 60 ya mwaka 2000 ya kudhibiti silaha, ikaanza kutumika kikamilifu Julai 2004.

Sheria hiyo inasema nini? Uwe na umri wa miaka 21 au zaidi. Upate kwanza cheti cha kuthibitisha kwamba unaijua silaha na sheria yake, na polisi wachunguze historia yako. Kama unataka silaha kwa ajili ya kujilinda unaruhusiwa moja tu, na leseni yake ni ya miaka mitano, kisha uombe upya. Risasi zisizidi 200 kwa silaha. Nyumbani ikae kwenye sefu. Na kifungu ambacho wengi wetu hatukitaji: lazima uwe raia wa Afrika Kusini au mwenye kibali cha kudumu cha ukaazi.

Ndugu zangu, tusidanganyane. Walio wengi ndani ya ukumbi huu wana vibali vya kazi, vya biashara, vya masomo au vya ukimbizi. Hao hawana haki ya kumiliki bastola hapa, hata wawe waadilifu namna gani. Kwa hiyo nikisikia mtu mwenye kibali cha miaka miwili anasema "bastola yangu", huwa sitaki hata kumaliza kumsikiliza. Hiyo ni bastola isiyo na leseni, na siku ikikamatwa kwenye gari lake, jina litakaloandikwa gazetini halitakuwa lake peke yake. Litakuwa la wageni wote.

Sasa nyumbani. Tanzania ilikuwa na sheria ya silaha ya mwaka 1991, ikafuatiwa na sheria mpya ya mwaka 2015. Raia anaweza kumiliki bastola kihalali, si kweli kwamba imepigwa marufuku. Lakini njia ni ndefu. Unaanzia serikali ya mtaa au kijiji, watu wanaokujua wewe na ugomvi wako wote. Unakwenda polisi, unapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, ndipo faili lipande juu. Hata ukishapata, unaweza kuitwa tena kuhakikiwa, kama ilivyofanyika mwaka 2016. Kenya nako, Desemba 2018 serikali ilifuta leseni zote za raia na kuwataka wenye silaha wakachunguzwe upya mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wamezimiliki miaka mingi.

Na usifikiri utapita katikati ya nchi hizi bila mtu kujali. Nchi za SADC zilisaini itifaki ya silaha Blantyre mwaka 2001, na za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika zikasaini ya Nairobi mwaka 2004. Tanzania imo kwenye zote mbili. Leseni ya Afrika Kusini haikupi haki yoyote Dar es Salaam wala Mombasa. Bastola haiingii kwenye kontena pamoja na friji na magodoro. Itahitaji kibali cha kuitoa hapa na kibali cha kuiingiza kule, vyote viwe mkononi kabla haijaondoka. Ukiificha kwenye spika ya redio kama nilivyomsikia mtu akitamba, unajitafutia jela.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa niseme kwa nini siililii bastola.

Kitengo chetu kinajaa mwisho wa mwezi, watu wakishapata mshahara. Ijumaa usiku tunaandaa dripu na mirija ya kifuani kabla wagonjwa hawajafika, maana tunajua watafika. Mtu aliyechomwa kisu mara nyingi tunapata nafasi naye. Kisu kinapita njia moja. Risasi inavunja mfupa, mfupa unageuka vipande, vipande vinakata mishipa. Wapo wanaopona wakabaki na mfuko wa haja kubwa tumboni. Wapo vijana wa miaka 20 ambao uti wa mgongo umekatika, na mama zao wanajifunza kwetu namna ya kuwageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda. Hao hawahesabiwi kwenye takwimu za mauaji kwa sababu hawakufa.

Lakini hadithi za wodini peke yake si hoja, kwa hiyo nije kwenye takwimu. Mwaka 1998 nchi hii ilikuwa inazika watu wapatao 34 kwa siku waliouawa kwa risasi. Mwaka 2009 walikuwa kama 18 kwa siku. Kilichobadilika katikati kikubwa ni kile nilichotaja: sheria mpya, leseni kukaguliwa, silaha kukusanywa na kuharibiwa. Watafiti walichukua miji mitano mikubwa, Johannesburg ikiwemo, wakalinganisha mauaji ya risasi na mauaji ya njia nyingine kati ya 2001 na 2005. Utafiti wao ulitoka mwaka 2014 kwenye jarida la afya ya jamii la Marekani, wakakadiria kwamba maisha 4,585 yaliokolewa katika kipindi hicho. Madaktari wote wa hospitali yangu tukiwajumlisha hawawezi kuokoa watu wengi kiasi hicho kwa miaka mitano.

Dada zangu, hili linatuhusu zaidi sisi. Baraza la Utafiti wa Tiba la hapa lilichunguza mauaji ya wanawake ya mwaka 1999, kisha ya mwaka 2009. Mwaka 1999 karibu thuluthi moja ya wanawake waliouawa walipigwa risasi. Miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya moja ya tano, na idadi yenyewe ya wanawake waliouawa ilikuwa imeshuka sana. Wanaume hawakugeuka malaika katika miaka hiyo kumi. Wanawake waliendelea kupigwa, ila ugomvi wa saa tano usiku haukukuta bastola kabatini mara nyingi kama zamani.

Nataka sasa kujibu hoja nilizozisikia siku ile. Nitazitaja kwa uzito wake, maana waliozitoa si wajinga.

Hoja ya kwanza: "Sheria kali inawapokonya watu wema, majambazi hawaombi leseni." Ni kweli jambazi haombi leseni. Lakini bastola yake ilitengenezwa kiwandani, ikauzwa dukani kihalali. Ilimfikiaje? Nyingi zimeibwa majumbani na kwenye magari ya wenye leseni. Kila mwaka maelfu ya raia wa nchi hii wanaripoti kuibiwa au kupoteza silaha zao. Nyingine zimetoka kwa wenye dhamana ya kuzilinda. Mwaka 2016 kanali mstaafu wa polisi, Christiaan Prinsloo, alihukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa kuuza silaha zilizokuwa zimesalimishwa ziharibiwe, zikaishia kwa magenge ya Cape Town. Zilikuwa kama 2,000. Bunduki ya jambazi na bastola ya mtu mwema zinatoka bomba moja.

Na hapa niseme ukweli wote: idadi ya wanaouawa imepanda tena. Mwaka wa polisi wa 2022/23 waliuawa watu 27,494, na bunduki ndiyo iliyoongoza. Julai 2022 watu waliingia kwenye baa moja kule Nomzamo, Soweto, wakamimina risasi, wakaua watu zaidi ya kumi kwa dakika chache. Kuna wanaosema hiyo ni dalili kwamba sheria imeshindwa. Mimi naona iliyoshindwa ni kazi ya kuisimamia. Masijala ya silaha ilizembea, leseni zikaisha muda bila kufuatiliwa, na ghala la polisi likageuka duka. Dawa iliyofanya kazi ikisimamishwa, homa inarudi. Hatusemi dawa ilikuwa mbaya.

Hoja ya pili: "Sisi ni wageni, polisi hawatujali, tusipojilinda nani atatulinda?" Hii inaniuma kwa sababu nimeishi hofu hiyo. Mei 2008 watu 62 waliuawa katika vurugu dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra. Tukaona tena 2015, tukaona tena Septemba 2019 maduka yakichomwa hapa mjini. Lakini tukumbuke ilivyokuwa. Lile ni kundi la watu mia mbili na mapanga na mafuta ya taa. Mwenye bastola ya risasi kumi na tano angefanya nini? Angepiga wawili, kisha mtaa mzima ungekuwa na sababu ya kumaliza ukoo wake. Waliookoka mwaka 2008 waliokolewa na majirani waliowaficha, na makanisa yaliyofungua milango kama lile la Methodist hapa katikati ya jiji, na kumbi za jamii. Mgeni analindwa na ujirani. Simu za wenzake na jina lake kujulikana mtaani vinamfaa zaidi ya bastola.

Hoja ya tatu ilitoka kwangu nyumbani, na mume wangu ameniruhusu niiseme. Yeye ana kibali cha kudumu, na amekuwa na bastola yenye leseni tangu 2019, baada ya shemeji yangu kuporwa gari getini kwetu. Hajawahi kuifyatua nje ya uwanja wa mazoezi. Lakini kwa miaka hiyo yote, mbwa akibweka usiku, anaamka, anafungua sefu, anatembea gizani kwenye korido. Korido hiyohiyo ndiyo mtoto wetu wa miaka saba anapita akienda kunywa maji. Nikamwambia: baba, wewe unaogopa mtu wa nje, mimi naogopa siku utakayosikia hatua za mwanao.

Akasema yeye si mtu wa pupa. Nikamtajia kesi ambayo dunia nzima inaijua. Tarehe 14 Februari 2013 Oscar Pistorius alipiga risasi nne kwenye mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria, akamuua Reeva Steenkamp. Bastola ilikuwa na leseni. Mwenyewe alisema alidhani ni mwizi. Mahakama ya Rufaa ilisema Desemba 2015 kwamba ni mauaji ya kukusudia, lakini hata ukichukua maneno yake mwenyewe kama yalivyo, maana yake ni kwamba mtu aliyefuzu mafunzo, mwenye leseni, alifyatua kwa hofu bila kujua nani yuko nyuma ya mlango. Sitaki nyumba yangu ijengwe juu ya imani kwamba hatutaogopa kamwe.

Tulibishana wiki tatu. Alisema hawezi kulala Kigamboni bila kitu. Nikamuuliza, watu wangapi Kigamboni wanalala na bastola? Wanalala na ukuta, taa, mbwa, na jirani anayeitika. Mwisho alikubali kuipeleka kwenye duka lenye leseni iuzwe, na akifika nyumbani akitaka nyingine ataanzia serikali ya mtaa kama mwananchi mwingine. Hajafurahi, nami sitadai kwamba amefurahi. Siku aliyoipeleka alirudi kimya, na usiku ule mbwa alipobweka aliamka vilevile, akasimama korido mikono mitupu. Hofu haiondoki na bastola. Ninajua nimemwomba jambo kubwa.

Hoja ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayonisumbua. Mzee mmoja alisema: "Mwanangu, nyumbani sheria ni kali kwa raia, lakini bunduki ziko kwa serikali, na serikali nani ataikagua?" Mzee wangu, sina jibu jepesi. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu alimiminiwa risasi nyumbani kwake Dodoma mchana kweupe, kwenye makazi ya wabunge, na miaka imepita bila mtu kufikishwa mahakamani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, watu waliuawa kwa risasi mitaani, na idadi yao inabishaniwa. Kuna familia zilizotafuta miili ya watoto wao. Ninapowaambia watu wahamie kwenye nchi yenye sheria kali ya silaha, siwezi kujifanya siyajui hayo.

Lakini nifuate hoja hiyo mpaka mwisho. Lissu angekuwa na bastola mfukoni ingemsaidia nini dhidi ya risasi zilizopigwa gari likiwa limesimama? Kijana wa Ubungo au Mwanza angekuwa na bastola siku ile, angewapa waliofyatua sababu ya kusema walikuwa wanapigana na watu wenye silaha. Dola haidhibitiwi kwa kila nyumba kuwa na bastola. Afrika Kusini ina bastola majumbani kwa mamilioni, na Agosti 2012 pale Marikana polisi waliua wachimbaji 34 kwa siku moja. Silaha za raia hazikuzuia lolote. Kilichowatia polisi hofu baadaye ni tume iliyokaa hadharani, kamera, mawakili na waandishi.

Kwa hiyo madai yangu kwa nyumbani hayasemi "legezeni sheria". Yanasema: sheria ileile iwabane wote. Nina matatu.

Kwanza, kila mtu anayekufa kwa risasi, awe ameuawa na jambazi au na askari, afanyiwe uchunguzi wa kifo na matokeo yapewe familia kwa maandishi. Sisi wauguzi tunajua kwamba mwili usioandikwa ni mwili unaokanwa.

Pili, serikali itangaze kila mwaka leseni ngapi zimetolewa, kwa sababu gani, silaha ngapi zimeibwa kwa raia na ngapi zimepotea kwenye maghala yake yenyewe. Bila hilo ya Prinsloo yatatupata na hatutajua.

Tatu, leseni isiwe zawadi ya wakubwa. Kama mfanyabiashara wa Kariakoo anayebeba fedha ananyimwa, na mtoto wa kigogo anaipata kwa simu moja, hiyo si sheria kali, ni upendeleo.

Na kwa mnaojiandaa kuondoka, nimalizie na ya vitendo. Mwenye leseni hapa aanze mapema, miezi kadhaa kabla ya safari: ama aiuze kupitia duka lenye leseni, ama aisalimishe polisi na apewe risiti, ama aombe vibali vya nchi zote mbili na avisubiri hapa. Angalieni tarehe ya leseni zenu. Mahakama ya Katiba ilisema Juni 2018 kwamba mwenye kushikilia silaha ambayo leseni yake imekwisha anaweza kushitakiwa. Usimwachie rafiki akutunzie, hata awe ndugu wa damu, maana kama haruhusiwi kisheria kuitunza silaha ile mmeingia hatiani wote wawili. Na asiye na karatasi kabisa atafute wakili kabla hajagusa chochote, serikali ikitangaza msamaha autumie. Hapa ilishatangaza zaidi ya mara moja, 2005, 2010, na tena kuanzia Desemba 2019.

Najua wapo watakaotoka hapa hawajakubaliana nami, hasa kwenye lile la nne. Nipo tayari kwa maswali, makali pia, ila kesho naingia zamu ya asubuhi, kwa hiyo tuulizane kwa ufupi.

Naomba kuwasilisha.